Roli 9, 10 au 15? Hesabu ya wolpepa kwa chumba kimoja

SWALI: Habari za kazi, fundi. Niko Morogoro, namalizia nyumba na nataka kubandika wolpepa chumba cha kulala, kuta zote nne. Chumba kina mita 4.2 kwa 3.6, na kutoka sakafuni hadi dari ya jipsamu ni mita 3.15. Mlango ni mmoja, upana sentimita 90 na urefu mita 2.1. Dirisha nalo ni moja, mita 1.5 kwa 1.5. Wolpepa niliyoipenda ina maua makubwa. Lebo yake imeandikwa 0.53 × 10.05 m, na chini yake kuna mishale miwili inayotazamana na namba 64. Nimepiga hesabu ya eneo nikapata roli 9. Muuzaji ananiambia 10. Fundi aliyekuja kuangalia chumba anasema nisinunue chini ya 15. Je, huyu fundi ananipiga? – Dada wa Kihonda

JIBU: Dada yangu, hongera kwa kufika hatua ya umaliziaji. Fundi wako hakupigi, angalau si kwa hesabu. Wala muuzaji hajakosea. Ninyi watatu mmejibu maswali matatu tofauti. Wewe umehesabu eneo la ukuta. Muuzaji amehesabu mikanda ya karatasi isiyo na maua. Fundi amehesabu mikanda yenye maua kwa kanuni ya salama kabisa. Na nadhani wote mmeruka kitu kimoja kilichopo chumbani kwako ambacho kinaweza kuirudisha hiyo 15 hadi 11 au 12.

Tuanze na hesabu yako, maana ndiyo wanayofanya wengi. Mzunguko wa chumba ni mita 15.6. Zidisha kwa 3.15 unapata mita za mraba 49 na kidogo. Toa mlango na dirisha, zinabaki 45. Roli moja ina mita za mraba 5.3, kwa hiyo 8.5, yaani 9. Ingekuwa rangi, ningekwambia nenda kanunue. Rangi inayobaki kwenye kopo unaipaka ukuta unaofuata. Karatasi ikibaki sentimita 30 mwishoni mwa roli, huwezi kuiunga katikati ya ukuta. Hiyo imekwisha kuwa takataka, ingawa umeilipia. Hesabu ya eneo inadhani kila kipande kitapata kazi, na kwenye wolpepa hilo halitokei.

Kinachohesabiwa ni mikanda. Mkanda ni kipande kimoja kizima kinachotoka juu hadi chini bila kuungwa. Chukua mzunguko wako, mita 15.6, gawanya kwa upana wa roli, 0.53. Unapata 29.4, na kwa kuwa hakuna mkanda wa nusu dukani, ni mikanda 30. Hapa naomba uhakikishe jambo moja: kama chumba kina nguzo iliyotokeza kwenye kona, na nyumba zetu nyingi zinazo, futi yako izunguke nguzo hiyo pande zake zote. Nguzo inayotokeza sentimita 20 katikati ya ukuta inaongeza sentimita 40 kwenye mzunguko. Kwako hesabu ya 30 imebakiza nafasi ya sentimita 30 tu, na kona nne zitakula sehemu yake, kwa sababu kwenye kona karatasi hukatwa na kupandana kidogo.

Sasa roli moja inatoa mikanda mingapi? Urefu wa ukuta ni 3.15. Fundi yeyote anayejiheshimu huongeza sentimita 10, tano juu na tano chini, za kupunguza kwa kisu baada ya kubandika, kwa sababu dari na sakafu hazinyooki kama zinavyoonekana kwa macho. Tunapata mkanda wa mita 3.25. Roli ya mita 10.05 inatoa mikanda mitatu, na sentimita 30 zinabaki. Mikanda 30 ukigawanya kwa tatu ni roli 10. Hiyo ndiyo namba ya muuzaji, na kwa karatasi isiyo na maua ni sahihi kabisa.

Angalia mwelekeo wa kukamilisha namba, maana hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Mikanda ya ukuta unaikamilisha kwenda juu. Mikanda inayotoka kwenye roli unaikamilisha kwenda chini, hata kama jibu ni 3.9. Idadi ya roli unaikamilisha tena kwenda juu.

Kisha yanakuja maua. Namba 64 kwenye lebo yako ina maana kwamba picha inajirudia kila baada ya sentimita 64. Ili mkanda wa pili ukae sawa na wa kwanza, ua likutane na nusu yake, kila mkanda lazima uanzie mahali palepale kwenye picha. Ni kama fundi cherehani anayeshona gauni la kitenge chenye maua makubwa: akitaka ua likae sawa pande zote mbili za kifua, kitambaa kinaliwa. Kwa hiyo hukati mita 3.25. Unakata urefu unaogawanyika kwa 0.64, ulio sawa na mahitaji yako au unaoyazidi.

Gawanya 3.25 kwa 0.64. Jibu ni 5.08. Maua matano hayatoshi, unahitaji sita. Sita mara 0.64 ni mita 3.84. Na roli ya mita 10.05 inatoa mikanda miwili tu ya mita 3.84; zinabaki mita 2.37 ambazo haziwezi kufika dari. Mikanda 30 kwa miwili ni roli 15. Fundi wako huyo hapo.

Sasa irudie ile 5.08 uitazame vizuri. Maua matano yanatoa mita 3.20 na wewe unataka 3.25. Umepungukiwa sentimita 5. Sentimita hizo tano, upana wa vidole vitatu, ndizo zinazokupeleka kutoka roli 10 hadi 15. Kabla hujafungua pochi, zitafute.

Pa kwanza pa kuzitafuta ni chini. Je, chumba kina skatingi? Kama umeweka vigae sakafuni, mara nyingi kuna skatingi ya kigae inayopanda ukutani sentimita 8 hadi 10. Karatasi haibandikwi juu ya skatingi, inaishia pale inapoanzia. Wewe umeniambia umepima kutoka sakafuni. Pima tena kutoka juu ya skatingi. Pa pili ni juu: mafundi wengi wa jipsamu huzungusha mkanda wa urembo, konisi, pale ukuta unapokutana na dari, nao unakula sentimita kadhaa za ukuta. Pima hadi chini ya konisi. Ukipata sentimita 10 popote kati ya hapo, ukuta wako ni mita 3.05, ukiongeza 10 za kupunguza ni 3.15, na maua matano, mita 3.20, yanatosha. Roli inarudi kutoa mikanda mitatu.

Kama skatingi bado haijawekwa na ulikuwa na mpango nayo, iweke kwanza, ndipo ununue karatasi. Nimeona watu wakifanya kinyume: wanabandika, kisha fundi vigae anakuja na saruji yake na kuipaka karatasi mpya ukuta mzima.

Na kama hakuna skatingi wala konisi, wala huzitaki? Zipo sentimita za kupunguza. Badala ya kumi, fundi makini anaweza kufanya kazi na tano, mbili na nusu juu na mbili na nusu chini, na hapo 3.15 inaingia kwenye 3.20. Lakini kabla ya kukubali mchezo huo, pima urefu wa kila ukuta mahali patatu: kona zote mbili na katikati. Chukua kipimo kirefu kuliko vyote, si cha wastani. Ukikuta hata sehemu moja ina mita 3.18, sahau, nafasi ya sentimita 2 haitoshi kwa ukuta ambao haujanyooka, na utaona mstari mweupe juu ya kitanda kila unapolala.

Kuna jambo la kiwandani ambalo majedwali ya hesabu hayasemi. Kila roli huanzia popote kwenye picha. Mita 10.05 haigawanyiki sawasawa kwa 0.64, kwa hiyo roli ya pili inaweza kuanza katikati ya ua. Unalazimika kutupa kipande cha mwanzo hadi ufike pale mkanda wa kwanza ulipoanzia. Ukuta wako ukiwa mita 3.05, kila roli inakuachia nafasi ya kama sentimita 50 za kutupa hivyo. Roli nyingi zitaingia humo. Chache zitagoma na kutoa mikanda miwili badala ya mitatu. Ndiyo maana kwenye maua makubwa sikubali mtu anunue namba kamili ya hesabu.

Mlango na dirisha je? Ushauri wangu kwa chumba cha kawaida ni kuviacha ndani ya hesabu, lakini kwa kuwa umeuliza kwa uchungu wa pesa, tuvitoe tuone. Mlango wa sentimita 90 unaweza kumeza mkanda mmoja mzima, si miwili, kwa sababu mikanda miwili ni sentimita 106. Dirisha la mita 1.5 linameza miwili. Tumebaki na mikanda mizima 27. Lakini ukuta ulio juu ya mlango bado unadai karatasi, zaidi ya mita moja kwenda juu. Juu ya dirisha na chini yake vilevile. Ni vipande vitano vifupi, na kwa kuwa navyo lazima vifuate maua, kila kimoja kinataka maua mawili, mita 1.28. Jumla mita 6.4. Hiyo ni roli nyingine. Mikanda 27 kwa mitatu ni roli 9, pamoja na hiyo moja, 10. Umetoa mlango na dirisha, na umerudi kulekule kwenye 10.

Kwa mikanda miwili kwa roli hali ni tofauti kidogo: 27 kwa miwili ni roli 14, na vipande vifupi vyote vinatoka kwenye yale mabaki ya mita 2.37. Kwa hiyo hata hesabu ya fundi wako ina roli moja ya akiba ndani yake.

Ukiniuliza cha kununua: kama ukuta wako, baada ya kupima upya, ni mita 3.10 au chini yake, chukua roli 11, na ya 12 kama duka linakubali kupokea roli iliyofungwa. Kama ni 3.15 kweli na huwezi kupata sentimita popote, fuata 15 za fundi au badilisha karatasi. Na hapa kuna onyo: kubadilisha kwenda ua dogo si lazima kukuokoe. Mita 10.05 ukigawanya kwa tatu ni 3.35, huo ndio mpaka wako. Kwa mahitaji ya 3.25, ua la sentimita 32 linakutaka ukate 3.52, umeshauvuka. La sentimita 53 linataka 3.71. Karatasi yenye mistari ya wima tu, au ile yenye mkwaruzo kama kitani isiyo na picha ya kuoanisha, ndiyo itakayokupa mikanda mitatu bila ubishi.

Usishangae ukikuta jedwali la mtandaoni linatoa roli chache kuliko sisi. Roli ya mita 10.05 ni kipimo cha Ulaya. Kwenye nyumba ya Uingereza yenye dari ya mita 2.4 inatoa mikanda minne. Sisi tunajenga kuta ndefu ili joto lipande juu, na roli ileile inatupa mitatu. Jedwali la wenzetu halikukosea, halikuandikwa kwa ajili ya chumba cha Morogoro.

Kuhusu mishale kwenye lebo: miwili inayotazamana kwenye mstari mmoja ina maana maua yanakutana usawa mmoja, na hesabu yote niliyofanya ni ya namna hiyo. Kama mshale mmoja uko juu kidogo ya mwenzake, na namba ni mbili, mfano 64/32, basi kila mkanda unashuka sentimita 32 kuliko uliotangulia. Watu huogopa aina hiyo, lakini dawa yake ni rahisi: fungua roli mbili kwa pamoja. Mkanda wa kwanza, wa tatu na wa tano ukatwe kwenye roli moja. Wa pili, wa nne na wa sita kwenye nyingine. Mshale wenye namba 0 unamaanisha hakuna cha kuoanisha. Na mishale miwili, mmoja unaotazama juu na mwingine chini, inakuagiza ugeuze kila mkanda wa pili kichwa chini, jambo linalosaidia karatasi zisizo na picha zisionyeshe tofauti ya rangi pembezoni.

Ukikutana na vipimo vingine dukani, kanuni haibadiliki, namba ndizo zinazobadilika. Roli pana za Korea, mita 1.06 kwa 15.6, kwa chumba chako ni mikanda 15, kila roli inatoa minne hata kwa ua la sentimita 64, kwa hiyo roli 4. Zinavutia kwa hesabu, ila ni nzito na zinataka watu wawili kwenye ngazi. Zile za stika, zenye gundi yake nyuma, nyingi zina upana wa sentimita 45 na urefu wa mita 10: mikanda 35, mitatu kwa roli zikiwa hazina maua, roli 12. Akikuletea ndugu kutoka Marekani, soma lebo mara mbili, maana kule bei hutajwa kwa roli moja wakati zinafungwa na kuuzwa mbili kwa pamoja, na vipimo ni inchi na futi.

Bajeti ikibana, ukuta mmoja nyuma ya kitanda unatosha kupendeza chumba. Ukuta wa mita 3.6 unataka mikanda 7. Ua likiwa katikati ya mkanda na ukitaka likae katikati ya kitanda, 7 inatosha, mkanda mmoja kati na mitatu kila upande. Ukitaka maungio ndiyo yakae katikati, inakuwa 8. Kwa vyovyote, ni roli 3 kama roli inatoa mikanda mitatu, roli 4 kama inatoa miwili. Tofauti ya pesa na kuta nne unaiona.

Siku ya kununua, zipange roli zote juu ya kaunta na usome namba ya bechi, yaani ya mkupuo uliochapwa pamoja kiwandani, kwenye kila lebo. Lazima zifanane zote. Bechi mbili za karatasi ileile zinaweza kutofautiana rangi kiasi kwamba dukani huoni kitu, ila zikikaa bega kwa bega ukutani na taa ikiwaka unaziona. Hii ndiyo sababu roli moja ya ziada leo ni nafuu kuliko kurudi dukani mwezi ujao kutafuta moja iliyopungua. Ibaki na lebo yake, siku moja bomba litavuja au mtoto atachora.

Nirudi kwa fundi wako. Muulize mmekubaliana malipo kwa namna gani. Kama ni kwa roli, hana sababu yoyote ya kukutafutia zile sentimita tano, na simlaumu. Patana naye bei ya chumba kizima, kisha mwonyeshe hesabu ya maua matano na umsikilize. Akisema haiwezekani kwa sababu dari imepinda, aweke futi ukutani mbele yako. Akikubali, afungue roli moja tu, akate mkanda mmoja wa mita 3.20, aushike ukutani bila gundi sehemu ile ndefu kuliko zote, na mwone wote wawili kama juu na chini kumebaki cha kupunguza. Roli nyingine zisifunguliwe hadi hapo, kwa sababu iliyofunguliwa duka haliipokei tena.